Aliyerudi Kesho Yake

Jioni hii nakupeleka mbali, Huntsville, mji wa jimbo la Alabama kusini mwa Marekani, kwenye uwanja wa chuo cha watu weusi kiitwacho Alabama A&M. Ni zaidi ya miaka 50 iliyopita. Nyasi zimelowa. Pembeni wamesimama wanaume kadhaa, kila mmoja na saa yake ya kupimia mbio mkononi, kila mmoja katumwa na timu yake. Wanamtazama kijana mrefu, mwembamba, jina lake John Stallworth. Kijana anainama, anachomoka, anakimbia yadi 40, kama mita 36 na nusu hivi. Wanaume wale wanatazama saa zao na kuandika. Muda si mzuri. Kwa mchezaji ambaye kazi yake ni kumwacha beki nyuma na kuudaka mpira akiwa mbioni, namba ile inamshusha. Wanafunga madaftari yao. Kuna chuo kingine kinawasubiri.

Mmoja kati yao akawaambia wenzake kwamba hajisikii vizuri, watangulie tu. Jina lake Bill Nunn, mtu wa Pittsburgh Steelers. Wenzake wakaondoka, yeye akabaki. Kesho yake akamwita tena yule kijana, akampeleka mahali pakavu, akampima upya. Safari hii saa ilisema habari nyingine kabisa.

Nitamrudia Bwana Nunn. Kwanza nikueleze walichokuwa wakikitafuta pale, maana wengi wetu tuliolelewa na mpira wa miguu hatuujui vizuri mchezo ule wa Wamarekani, wa mpira wenye umbo la yai, helmeti kichwani na ngao mabegani. Hata wanaoujua, wengi hutazama fainali tu. Mimi kilichonivuta ni namna wanavyochagua vijana.

Umewahi kucheza chandimu mtaani? Basi drafti unaijua. Manahodha wawili wanasimama mbele, wengine tumejipanga ukutani, na uchaguzi unakwenda kwa zamu: wewe huyu, mimi yule, mpaka abaki mmoja asiyetakiwa na mtu. Ligi kuu ya mchezo ule, NFL, hufanya hivyohivyo kila mwaka, na uchaguzi huo ndio huitwa drafti. Manahodha ni timu 32, ukuta ni vyuo vikuu vya nchi nzima, na zamu hurudiwa raundi saba mpaka vijana zaidi ya 250 wameitwa majina. Timu iliyoshika mkia msimu uliopita hutangulia kuchagua, bingwa husubiri nyuma ya wote. Kijana mwenyewe hana la kusema. Akiitwa na Cleveland, ni wa Cleveland, apende baridi ya kule asipende. Na zamu ni mali: timu inaweza kuitoa yake kwa timu nyingine ikapewa zamu mbili tatu za chini, kama mtu anayechenji noti kubwa.

Jambo hili lilianzishwa na mtu aliyechoka kushindwa. Bert Bell alikuwa mmiliki wa Philadelphia Eagles, timu dhaifu isiyo na fedha, na kila alipomtamani kijana wa chuo, wenye mifuko mizito walimpiku. Mwaka 1935 akawashawishi wamiliki wenzake kwamba ligi ambayo wakubwa ndio wanaokula kila kitu haitafika mbali. Tarehe 8 Februari 1936 wakakutana hotelini jijini Philadelphia, wakaandika ubaoni majina yapatayo 90. Majina yenyewe waliyapata magazetini, kwa makocha wa vyuo waliokuwa rafiki zao, na kwa fununu. Hakuna timu iliyokuwa na skauti wa kudumu, yaani mtu wa kutafuta vipaji. Wa kwanza kuitwa siku ile alikuwa Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, na hakucheza hata mechi moja ya NFL. Hawakuafikiana mshahara, akaenda kutafuta riziki kwingine.

Miaka kumi ikapita. Mwaka 1946, Rams wa Los Angeles wakamwajiri Eddie Kotal kwa kazi moja tu: azunguke nchi atazame vijana. Kotal akafika mahali ambapo wengine hawakujisumbua kufika, chuo cha Grambling, Louisiana, chuo cha weusi, na mwaka 1949 Rams wakamsajili Tank Younger kutoka pale, mchezaji wa kwanza wa vyuo vile kuingia NFL. Hakuhitaji saa wala mizani kujua kwamba pale pana wachezaji. Alihitaji nauli na nia.

Siku hizi fununu zimekwisha, vipimo vimejaa. Kila mwanzo wa mwaka vijana zaidi ya 300 hualikwa Indianapolis kwenye kile wanachokiita kombaini. Kwetu kombaini ni timu iliyoundwa kwa kuchukua wachezaji huku na huku. Kule maana yake ni vijana kukusanywa mahali pamoja wapimwe na timu zote kwa mkupuo. Wanakimbia zile yadi 40. Wanaruka juu wakiwa wamesimama, wanaruka mbele bila kukimbia. Wanalala chali na kunyanyua chuma cha kilo 102 mara nyingi kadiri kifua kitakavyovumilia. Wanakata kona baina ya koni. Mkono unapimwa urefu, na kiganja kinapimwa kutoka ncha ya dole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kwa sababu wapo wanaoamini kwamba mrusha mpira mwenye kiganja kidogo atauponyoa siku ya mvua. Madaktari wa timu hii wanavuta goti, wa timu ile wanabinya bega lilelile. Kisha kijana anaingia chumba hiki na kile kuhojiwa. Kwa miaka mingi walipewa pia mtihani wa maswali 50 kwa dakika 12. Ligi iliuondoa mwaka 2022, na kwa maoni yangu ulichelewa mno kuondoka.

Nitasema lililo moyoni. Mara ya kwanza nilipoona picha za vijana hawa, wengi wao weusi, wakipanda mmojammoja kifua wazi, wapimwe kimo na uzito mbele ya wanaume waliokaa vitini wakiandika, mimi mtu wa pwani nilikumbuka Mkunazini, Unguja, palipokuwa na soko la watumwa mpaka mwaka 1873. Mambo haya mawili si sawa, na sitayafanya kuwa sawa. Kijana huyu kaja kwa hiari yake, ana wakala, na akiitwa mapema atasaini mamilioni ya dola. Lakini mtu akizoea kuutazama mwili wa mwenzake kama bidhaa, ulimi nao hufuata. Mwaka 2010, katika mahojiano ya namna hiyo, meneja mkuu wa timu moja alimuuliza kijana Dez Bryant swali la kumvunjia heshima mama yake mzazi. Habari ilipotoka hadharani aliomba radhi. Na mimi najiuliza, swali lile lingemwambia nini juu ya udakaji mpira wa Dez Bryant?

Tuje kwenye vipimo vyenyewe, maana sivibezi. Kasi ni kitu cha kweli. Goti bovu ni goti bovu. Mtu wa mstari wa mbele anayesukumana na miamba wa kilo 140 lazima awe na nguvu, na ni afadhali ujue mapema. Shida inaanza pale kipimo kinapoliziba jicho. Mwaka 2017, John Ross alikimbia zile yadi 40 kwa sekunde 4.22, rekodi ya kombaini wakati ule, na Cincinnati wakamchukua akiwa wa tisa. Majeraha yakamwandama, na katika miaka yake yote ya NFL hakupata msimu hata mmoja wa kufikisha yadi 1,000 kwa mipira aliyoidaka. Mwaka huohuo, mtu wa kumi kuitwa alikuwa Patrick Mahomes, mrusha mpira aliyekuja kuwa nyota. Kansas City walitoa zamu kadhaa ili wapande wakampate, na walipompata wakamweka benchi karibu msimu mzima, ajifunze kwa Alex Smith, mkongwe aliyekuwa akishika nafasi ile. Ninapoulizwa ni nani aliyemwona Mahomes vizuri, huwa nataja pia huo mwaka wa benchi.

Habari ya Tom Brady umeisikia hata kama mchezo huujui: mwaka 2000, raundi ya sita, mtu wa 199, warusha mpira sita wakiwa wameitwa kabla yake, na baadaye ubingwa mara saba. Watu hupenda kuisimulia kana kwamba ni muujiza. Haikuwa muujiza. Kombaini ilisema kweli: alikimbia kwa sekunde 5.28, mwendo wa kizee kwa mchezaji, na picha yake akiwa amevua shati ilimwonyesha hana misuli ya kumtisha mtu. Lakini Januari ya mwaka huohuo, katika mechi ya Orange Bowl dhidi ya Alabama, chuo chake cha Michigan kilikuwa nyuma kwa pointi 14, kikasawazisha, kikaachwa tena kwa pointi 14, kikasawazisha tena, kikashinda 35 kwa 34 katika muda wa nyongeza. Mrusha mpira alikuwa yeye. Mechi ile haikufichwa. Timu zote zilikuwa na mkanda wake. Waliokuwa wakimtafuta mtu asiyetetemeka walikuwa naye mbele ya macho, ila siku ile walikuwa wanatafuta mwanariadha.

Wachumi wawili, Cade Massey na Richard Thaler, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2017, waliichukua miaka mingi ya drafti wakaipekua. Wakauliza swali jepesi: timu ikimchagua mchezaji wa nafasi fulani uwanjani, kisha nyuma yake akachaguliwa mwingine wa nafasi ileile, yule wa kwanza huwa bora mara ngapi? Jibu lilikuwa kama mara 52 katika 100. Ukirusha shilingi juu unapata 50. Msikilizaji, hebu lifikirie hilo. Saa, mizani, madaktari, mahojiano, maskauti wanaolala barabarani miezi kwa miezi, halafu tofauti kati ya chaguo lako na la jirani yako ni kijiti chembamba kiasi hicho.

Hawakusema kwamba kutazama hakuna maana. Mchezaji wa raundi ya kwanza kwa jumla ni bora kuliko wa raundi ya saba; hilo halina ubishi. Walichokiona ni kwamba wakubwa wa timu wanajiamini kupita ujuzi wao. Wanaposhawishika kwamba huyu ndiye, hutoa zamu nyingi ili wapande juu kumchukua mmoja, na kumbe mwenye busara angeshuka chini akakusanya wengi. Timu iliyokubali kwamba inaweza kukosea hujipa nafasi nyingi za kupatia. Iliyojiona nabii huweka kila kitu juu ya kijana mmoja wa miaka 21, na yeye ndiye atakayezomewa wakikosea. Ryan Leaf aliitwa wa pili mwaka 1998, nyuma tu ya Peyton Manning, na hadi leo jina lake hutajwa kila mtu anapotaka mfano wa chaguo bovu. Aliyeshika kalamu siku ile hutajwa kwa nadra. Mimi hilo linaniuma.

Sasa turudi kwa Bill Nunn. Hakuwa skauti kwa asili, alikuwa mwandishi wa habari. Gazeti lake, Pittsburgh Courier, lilisomwa na watu weusi Marekani nzima, na yeye alikuwa mhariri wa michezo. Kila mwaka alichagua kikosi bora cha vyuo vya weusi na kukitangaza gazetini. Ili uandike kikosi kama hicho kwa haki lazima usafiri, na Nunn alisafiri, katika Kusini ile ya ubaguzi ambako hoteli nyingi hazikumpokea mtu wa rangi yake. Alijuana na makocha, akala nao, akajua nani ana baba mgonjwa na nani anaamka alfajiri bila kuamshwa. Timu ya mji wake mwenyewe, Steelers, ilikuwa haimuulizi lolote. Kinyongo chake kikamfikia Dan Rooney, mtoto wa mwenye timu, naye akamwita. Nunn akamwambia kinagaubaga anavyowaona: mnapuuza hazina iliyo mlangoni. Rooney, na hili namsifu, hakununa. Alimpa kazi.

Steelers walikuwa wameanzishwa mwaka 1933 na hawakuwa wamechukua ubingwa hata siku moja. Drafti ya 1974 walimchukua Lynn Swann raundi ya kwanza, Jack Lambert ya pili, Stallworth ya nne, Mike Webster ya tano. Wote wanne wamo leo katika Jumba la Mashujaa la mchezo huo, Canton, Ohio. Donnie Shell, aliyetoka chuo cha weusi cha South Carolina State, hakuitwa na timu yoyote katika drafti ile. Steelers wakamsajili baada ya majina kwisha, na yeye pia yumo Canton. Katika misimu sita iliyofuata wakachukua ubingwa mara nne.

Kumsubiri Stallworth mpaka raundi ya nne kulihitaji moyo. Kocha Chuck Noll alimtaka mapema kabisa. Wenzake wakamtuliza: Swann hatabaki, Stallworth atabaki. Waliweza kusubiri kwa sababu walijua timu nyingine zimebeba nini kwenye madaftari yao, ile namba ya nyasi zilizolowa. Inasimuliwa pia kwamba mkanda wa filamu wa michezo ya Stallworth, uliopaswa kupita kwa timu zote, ulikaa Pittsburgh kuliko ilivyostahili. Hilo silisifu. Lakini la kubaki nyuma, kumwita kijana na kumpa mahali pakavu, hilo ningependa kila anayechagua vijana alitundike ukutani kwake.

Nina sababu yangu. Nilipokuwa shule tulikwenda kwenye mchujo wa timu ya mkoa. Rafiki yangu, mwenye mguu wa kushoto ambao mpaka leo sijaona mfano wake katika mitaa yetu, alisafiri usiku kucha juu ya lori la nazi. Alifika asubuhi hajala, akakopa viatu vya mtu mwingine, namba moja pungufu. Akapewa dakika kumi. Akaanguka mara mbili, akatolewa nje. Mwalimu aliyekuwa akichagua hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na vijana zaidi ya mia na jua lilikuwa linapanda. Ila hakumuuliza umetoka wapi, wala hakumwambia njoo kesho. Rafiki yangu alirudi kwao siku ileile, na hakwenda tena kwenye mchujo wowote.

Ndiyo maana macho yangu yako kwenye yanayotujia sasa. NFL imeanza kuitazama Afrika. Mwaka 2013, Indianapolis Colts walimsajili Daniel Adongo, Mkenya aliyekuwa mchezaji wa raga, hakupitia drafti na hakuwa amewahi kucheza mchezo ule. Walichokiona ni mwili wake na mwendo wake. Aliingia uwanjani mechi chache tu. Mwaka 2023 ligi ikaleta kambi yake Nairobi, vijana wa Kiafrika wakakimbizwa na kupimwa kwa vipimo vilevile vya Indianapolis. Nimefurahi kwamba wamekuja. Lakini kijana wa Marekani anapofika kwenye saa ile, nyuma yake ana miaka mitatu ya mikanda ya mechi, makocha waliomfundisha tangu utoto, na skauti aliyekwisha zungumza na mpishi wa bwenini. Kijana wetu ana ile saa peke yake. Akikimbia vibaya siku hiyo, hana mahali pengine anapoonekana. Kwa hiyo walimu na makocha wetu mnaonisikiliza, andikeni. Wekeni kumbukumbu za vijana wenu, rekodini mechi zao hata kwa simu, ili mgeni akija na saa yake akute kuna mtu wa kumwambia kwamba jana huyu alikuwa na homa.

Bill Nunn aliendelea kutazama vijana hadi uzeeni. Alistaafu, lakini hakuacha. Steelers walimwachia kiti chake, na kila msimu wa drafti alikuwepo. Masika ya mwaka 2014, akiwa na miaka 89, alikuwa bado anawaandalia orodha alipopatwa na kiharusi. Alifariki tarehe 6 Mei. Drafti ya mwaka ule ilianza siku mbili baadaye.